Gawio la Hisa: Je, Litatutunza Uzeeni?

(Haya ni mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kitui na Makueni. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu wengi waliomba nakala ya kusomea wenzao nyumbani.)



 Wengine mmetoka mbali, Mutomo na Ikutha, wengine Kathonzweni, na tunajua kazi ya shamba haingoji. Kwa hivyo hatutazunguka sana. Leo ni habari ya uzee na pesa ya uzee.

Tuanze na swali. Hapa ndani ni nani anayetarajia pensheni? Inueni mikono. Haya, tunaona mikono minne, na wawili kati ya hao ni walimu. Sasa wengine sisi sote, tutakula nini?

Tusidanganyane. Pensheni ya serikali ni ya mwalimu, askari, karani wa wilaya na wenzao. Mwashi aliyejenga Mombasa miaka 15 anayo NSSF, ikiwa mwajiri wake alikuwa akipeleka. Mfuko huo ulianzishwa mwaka 1965, na kwa miaka mingi hadi Februari 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Hesabuni: shilingi 400 kwa miezi 12, kwa miaka 15, ni shilingi 72,000 na riba yake. Hiyo ni mabati ya nyumba na ng'ombe mmoja au wawili, halafu imekwisha. Siku hizi makato yameongezeka, lakini mzee aliyerudi nyumbani kabla ya mabadiliko hayo hayamsaidii. Na mama ambaye maisha yake yote amelima ndengu na mbaazi hakukatwa chochote, kwa hivyo hana cha kudai.

Kuna pesa ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70. Tunaishukuru. Lakini nyinyi mnajua pesa hiyo mara nyingine huchelewa miezi kadhaa kisha ikaja kwa pamoja, wakati deni la dukani limekwisha kuizidi. Na kati ya miaka 60, mgongo unapoanza kukataa jembe, na miaka 70, kuna miaka kumi mizima. Hiyo ndiyo inayotusumbua.

Zamani pensheni yetu ilikuwa watoto. Hatusemi watoto wamekuwa wabaya. Mtoto aliye Nairobi analipa nyumba, analipa shule, na kazi yenyewe leo iko, kesho haiko. Akituma shilingi 1,000 tumbariki, lakini tusimfanye yeye kuwa mpango wetu wote.

Basi watu wanatuuliza juu ya hisa. Wamesikia kwa redio kwamba kampuni fulani imetoa gawio, ile wengi wetu tunaita dividendi, na wanataka kujua kama hicho ni kitu cha watu wa mjini tu. Tuseme kwanza hisa ni nini.

Kikundi cha wanawake 20 kinanunua mashine ya kusaga unga. Kila mmoja ametoa sawa. Mwisho wa mwaka mnatoa gharama ya dizeli, mshahara wa kijana wa mashine na pesa ya kutengeneza mawe. Kinachobaki ni faida. Sehemu mnaiweka kwa ajili ya mwaka ujao, sehemu mnagawana. Kile mlichogawana ndicho gawio, na ile sehemu yako ya mashine ndiyo hisa. Kampuni kubwa ni hivyo hivyo, ila wenye mashine ni maelfu na hawajuani, na sehemu zao zinauzwa na kununuliwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, ambalo limekuwapo tangu 1954.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo linalowapotosha wengi. Ninyi mmejenga mabwawa ya mchanga. Mnajua kazi yake: ukuta unakingama mto wa msimu, mvua inaleta mchanga, misimu inapita, na mchanga ukishajaa unashika maji ndani yake hata kiangazi. Hapo mnachimba kisima kidogo na kuchota. Hisa ni ule mchanga. Gawio ni maji. Unachota maji na mchanga unabaki. Lakini lori likija usiku likabeba mchanga kwenda kujengea Nairobi, umepata pesa ya siku moja na mto umekauka. Makueni walichoka na malori hayo mpaka kaunti ikatunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Mtu anayenunua hisa leo ili auze mwezi ujao bei ikipanda, huyo ni mwenye lori. Hatumhukumu, lakini hiyo si habari ya uzee tunayozungumza hapa.

Na bwawa halijai msimu mmoja. Mfano mzuri ni Safaricom. Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya kampuni hiyo kwa umma, shilingi 5 kila hisa. Watu zaidi ya 800,000 waliomba, wengine wakiwa wamekopa benki, wengine wakiwa wameuza ng'ombe. Walioomba walikuwa wengi mno, kwa hivyo walipata sehemu ndogo tu ya walizotaka na pesa nyingine ikarudishwa. Kufika 2009 bei ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3. Kilio kilikuwa kikubwa hata huku kwetu. Waliokopa walilipa riba kwa kitu kilichopungua thamani. Wengi waliuza kwa hofu.

Lakini tuchukue mtu aliyebaki na hisa 1,000, alizolipia shilingi 5,000. Gawio la 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa: shilingi 100 kwa mwaka mzima! Hata nauli ya kwenda Kitui mjini na kurudi haitoshi. Akavumilia. Mwaka 2020 hisa moja ilipata shilingi 1.40, kwa hivyo alipata 1,400. Likashuka tena: kwa miaka iliyoishia Machi 2023, 2024 na 2025 lilikuwa shilingi 1.20 kila mwaka. Ukijumlisha yote tangu 2009 amepokea zaidi ya shilingi 14 kwa kila hisa, kabla ya kodi, na hisa zake bado anazo. Kodi ya gawio kwa Mkenya ni 5 kwa mia, na inakatwa kabla pesa haijakufikia.

Tukiishia hapo tutakuwa tumewadanganya, maana hiyo ni kampuni iliyofaulu. Mumias, kiwanda cha sukari, kiliuzia umma hisa mwaka 2001. Kililipa gawio miaka kadhaa, wakulima na walimu wakafurahi. Mwaka 2019 benki iliyokuwa ikikidai ikaweka msimamizi wake, na mwenye hisa hakupata kitu. Kenya Airways iliuzwa kwa umma mwaka 1996. Hisa zake zilisimamishwa sokoni kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025, na muda wote huo hungeweza kuuza hata ukiwa na mgonjwa hospitalini. Kenya Power, ambao nyaya zao zinapita juu ya vichwa vyetu, walikaa bila kulipa gawio tangu 2017 mpaka 2024 walipotoa senti 70. Hata benki zenye nguvu: Equity iliondoa gawio lililokuwa limependekezwa mwaka 2020 wakati wa korona, na KCB haikutoa la mwaka 2023, kisha ikatoa shilingi 3 la 2024.

Mnaona? Gawio si mshahara. Hakuna sheria inayoilazimisha kampuni kulipa. Wakurugenzi wanapendekeza, mkutano mkuu wa mwaka unapitisha, na mwaka mbaya unaweza kupata sufuri. Kwa sababu hiyo mtu asiweke pesa yake yote katika kampuni moja, hata kama ni ile inayotangazwa sana. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 11, kinazungumza juu ya jambo hili hili. Someni mkifika nyumbani.

Sasa tufanye hesabu ya kweli, chukueni kalamu. Kikundi cha watu 20, kila mtu shilingi 100 kwa wiki. Hiyo ni 2,000 kwa wiki, 104,000 kwa mwaka. Mnanunua hisa za kampuni tano au sita tofauti. Tuseme kwa wastani zinatoa shilingi 6 kwa kila 100; baada ya kodi inabaki 5.70. Tuseme pia bei haipandi wala haishuki, ingawa tunajua itapanda na kushuka. Mkila gawio kila mwaka, baada ya miaka 15 mtakuwa na hisa za shilingi 1,560,000, na gawio la kila mtu litakuwa kama shilingi 370 kwa mwezi. Mkikataa kula, kila gawio likinunua hisa nyingine, mtakuwa na kama 2,366,000, na gawio la kila mtu litakuwa kama 560 kwa mwezi.

Tumesikia mtu amecheka kule nyuma. Ana haki. Miaka 15 ya kujinyima, shilingi 560! Hiyo ni dawa ya presha na sabuni, si pensheni. Ukitaka gawio pekee likupe shilingi 2,000 kwa mwezi, kama ile ya Inua Jamii, utahitaji hisa za zaidi ya shilingi 420,000. Mtu akikuambia ataishi kwa gawio baada ya miaka mitano kwa kuweka mia mia, anakuuzia kitu. Lakini tuangalie upande wa pili pia. Yule mama ametoa shilingi 78,000 kidogo kidogo kwa miaka 15, na sasa ana mali ya kama 118,000 kwa jina lake. Inamletea kitu kila mwaka bila kuomba mtu, na akifa inabaki kwa watoto. Akiongeza mchango ndengu zikiuzwa vizuri, inakua. Pesa hiyo hiyo ikipita kwenye merry-go-round, kila mtu ananunua sufuria na blanketi. Ni vitu vizuri, lakini havizai.

Kwa maoni yetu, hisa ziwe jambo la nne au la tano nyumbani, si la kwanza. Wazee hapa wanaikumbuka ile njaa ya miaka ya 1980 tuliyoiita Nikw'a ngwete, nakufa nikiwa nayo mkononi. Pesa ilikuwepo mfukoni, chakula hakikuwepo sokoni. Watu wa Ukambani hatuwezi kusahau hilo kwa sababu ya karatasi za Nairobi. Ghala la mtama na mbaazi kwanza, maji, mbuzi wachache, karo ya mwaka huu, na akiba kidogo ya ugonjwa. Mwenye deni la riba alipe deni, kwa sababu hakuna gawio linaloshinda riba ya mkopo wa simu. Asiuze shamba. Asiuze ng'ombe wa maziwa. Pesa ya hisa ni ile ambayo unaweza kuisahau miaka kumi.

Na kabla ya soko la hisa kuna njia za karibu zaidi. Chama cha akiba na mikopo, Sacco, pia kinatoa gawio. Lakini mjue tofauti: kuna hisa za mtaji na kuna akiba. Akiba unaweza kuirudishiwa ukijiondoa. Hisa za mtaji hurudishiwi, unamuuzia mwanachama mwingine. Ulizeni kama Sacco yenu ina leseni ya SASRA, na msome hesabu zilizokaguliwa, si kusikiliza hotuba ya mwenyekiti tu. Ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa vyama hivyo, ulionyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 hazionekani. Kwa hivyo neno "ushirika" peke yake si kinga. Kwa mtu anayejiajiri, mpango wa Mbao ulianza 2011 kwa shilingi 20 kwa siku, na NSSF ina ule wa Haba Haba wa shilingi 25 kwa siku. Ulizeni juu ya hiyo pia, maana mtu anaweza kuwa na huku na huku.

Jambo la wezi. Kila tunapozungumza juu ya hisa, wiki mbili baadaye anakuja kijana mwenye tai na jina la kampuni. Anaahidi pesa mara mbili kwa miezi mitatu, na bonasi ukileta wenzako. Mnakumbuka miaka ya 2006 na 2007. Kamati iliyochunguza ulaghai ule iliongozwa na marehemu Francis Nyenze, mtu wa hapa hapa, aliyekuwa mbunge wa Kitui Magharibi. Ilikuta zaidi ya shilingi bilioni 8 zimepotea, na waliolia walikuwa zaidi ya 140,000, wengi wao watu wa vikundi na makanisa kama sisi. Kampuni ya kweli haiahidi gawio la mwaka ujao. Anayeahidi, mwonyesheni mlango.

Namna ya kununua. Unahitaji akaunti ya CDS, ambayo ni daftari la kompyuta linaloonyesha hisa zako. Unafunguliwa na dalali wa hisa au benki yenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na wengi siku hizi wanafungua kwa simu. Unatoa kitambulisho, namba ya kodi ya KRA, na akaunti ya benki au simu ambako gawio litatumwa. Zamani ulilazimika kununua hisa 100 kwa pamoja. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata moja. Lakini ulizeni ada kwanza. Ni kama shilingi 2 kwa kila 100, na wengine wana kiasi cha chini, kwa hivyo kununua kidogo kidogo kila wiki kunaweza kula pesa. Afadhali mkusanye miezi mitatu mnunue mara moja. Na msiache pesa au hisa kwa dalali bila kuangalia. Miaka ya 2007 na 2008 madalali kadhaa walianguka, na kuna wateja waliokuta hisa zao zimeuzwa bila wao kujua. Mfuko wa fidia upo, lakini hauzidi shilingi 50,000 kwa mtu. Ombeni taarifa ya akaunti angalau mara mbili kwa mwaka.

Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuwa na akaunti yake, kwa cheti cha usajili na muhtasari wa mkutano uliotaja watia sahihi. Watatu, si mmoja, na wasiwe wa nyumba moja. Namba ya siri isikae kwa mweka hazina peke yake, hata kama ni mtu wa sala. Lakini ukituuliza, tungependa kikundi kichange pamoja na kijifunze pamoja, halafu kila mtu awe na akaunti yake mwenyewe. Vikundi vinagombana. Akaunti yako haigombani na mtu.

Tulipata maswali. Baba mmoja ameuliza kama Mkristo anaweza kununua hisa za kampuni ya sigara au ya pombe, kwa sababu amesikia BAT inalipa vizuri. Ni kweli, ililipa shilingi 50 kwa hisa kwa mwaka 2024. Kanisa halijatoa orodha ya hisa halali na haramu. Lakini mwenye hisa ni mwenye kampuni, na faida yako ni pakiti zilizovutwa na vijana wa soko letu. Sisi hatungenunua. Kila mtu aamue na dhamiri yake, na kikundi kipige kura.

Mama mwingine ameuliza swali ambalo tumelingojea asubuhi yote. Mume wake alifariki, na anakumbuka alinunua hisa fulani akiwa kazini Mombasa. Karatasi hajui ziko wapi. Je, zimepotea?

Hazijapotea, mama. Gawio lisilochukuliwa kwa miaka, na baadaye hisa zenyewe, hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayoitwa UFAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kutunza mali isiyo na mwenyewe. Hazigeuki kuwa mali ya serikali. Mwenyewe au mrithi anaweza kudai. Utahitaji cheti cha kifo, kitambulisho chako, namba ya kitambulisho cha marehemu, na hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Hiyo ya mahakama ndiyo inayochelewesha, kwa hivyo anza nayo. Usimlipe mtu anayesema atakufuatilia kwa kugawana nusu.

Na ninyi mlio hai, waume kwa wake, ambianeni leo jioni. Andikeni katika daftari moja: jina la kampuni, namba ya akaunti ya CDS, jina la dalali, na namba ya simu inayopokea gawio. Mkibadilisha namba ya simu, mwambieni dalali pia. Daftari likae pamoja na hati ya shamba.

Wote walio na karatasi za zamani za hisa za marehemu, hata zilizoliwa na mchwa, zileteni ofisi ya maendeleo ya parokia siku ya Jumanne au Alhamisi. Tutazisoma pamoja, na tutawasaidia kujaza fomu bila malipo.